Siku Moja Tu, Kaka

Kaka yangu ni dobi. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia habari za mtu aliyeugua ndani ya kichwa, hudhani ni msomi fulani aliyechoshwa na vitabu. Huyu ni mtu wa sabuni, wanga na pasi. Ana mabega mapana, vidole vilivyofubaa kwa maji, na kovu kwenye mkono wa kushoto alilojitia mwenyewe siku alipotaka kujua kama pasi imepata moto. Tangu baba yetu alipostaafu, mimi napokea nguo mbele, yeye anafua na kunyoosha nyuma, na katikati yetu kuna pazia.

Duka letu halina vikaratasi vya namba. Baba alituachia mtindo wake: kila mteja ana alama ya uzi, mishono miwili mitatu iliyofichwa ndani ya kola au kiunoni. Muuza dawa ana mishono miwili ya njano iliyolala. Fundi viatu ana mmoja mweusi uliosimama. Alama hizo hazikuandikwa mahali popote, zilikaa kichwani mwa Kaka, na zilizidi mia mbili. Ulikuwa unamrushia shati kupitia juu ya pazia, na kabla halijagusa meza keshakwambia ni la nani, lilikuja lini mara ya mwisho na lilikuwa na doa gani. Alijigamba nazo mpaka akawa anakera. Mimi nikitoka chumba kimoja kwenda kingine nasahau nilichofuata.

Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka miwili. Kaka alilia, akajikaza, akamlea mtoto mle mle nyuma ya pazia, ndani ya kapu la nguo safi. Hiyo ni miaka saba iliyopita. Kwa hiyo msije mkaniambia chanzo ni msiba, msiba aliubeba na akaufikisha. Hiki kilichomjia mwaka jana kilikuja bila hodi na bila sababu, na hilo ndilo lililotuvuruga, maana sisi watu tunapenda sababu. Wateja walinipa sababu za kila aina pale kaunta. Nilizipokea pamoja na nguo zao chafu.

Mwanzoni niliona vitu vidogo. Aliacha kufungua redio. Akaanza kupita njia ya nyuma, kwenye mitaro, ili asikutane na watu wa kusalimiana nao. Alinyoosha shati, akalitundika, akalitundua, akalinyoosha tena. Mchana nikimwambia tukale, anasema ameshiba, na asubuhi hakula. Mimi nina mdomo, sifichi. Nilimwambia, "Kaka, uvivu umekupenda, na wewe naona umeukubali." Hakunijibu. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, kwa sababu tangu utotoni sijapata kumtupia neno akaliacha lianguke chini. Lakini sikushtuka, nilinuna.

Halafu ikaja suti. Mzee mmoja, fundi saa, alifariki siku ya Alhamisi. Watoto wake wakaleta suti yake ya kijivu inyooshwe, wamzike nayo Jumamosi. Sasa fundi saa ana mishono mitatu ya kijani. Na pale nyuma kulikuwa na suti nyingine ya kijivu, ya mwalimu wa hesabu, mwenye mishono mitatu ya buluu. Kaka yule wa zamani angezitenganisha akiwa amefumba macho. Alinipitishia suti ikiwa imefungwa vizuri kwenye mfuko, mimi nikawapa watoto wa marehemu, wakashukuru, wakaenda kuzika.

Jumatatu mwalimu akaja kuchukua nguo zake. Nilitafuta, nikapekua, nikaona suti moja tu, nayo ina uzi wa kijani. Nikamwambia ukweli, ningefanyaje? Akakaa kwenye benchi la wateja.

"Unataka kuniambia mzee amezikwa na suti yangu."

"Ndiyo, mwalimu. Tusamehe."

"Ile niliyoolea."

"Ndiyo hiyo."

Alitazama dari kama anayepiga hesabu. "Basi mke wangu hataniambia tena niivae kwenye harusi za ndugu zake," akasema. "Inanibana tumbo miaka sita sasa. Mpe kaka yako asante." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho. Watoto wa marehemu nao, nilipowafuata kuwaomba radhi, walitazamana, kisha yule mkubwa akasema baba yao alikuwa akilalamika siku zote kwamba suti yake imechakaa.

Nilirudi nyuma ya pazia kumwambia Kaka kwamba tumepona. Alikuwa ananyoosha foronya. Nikamweleza yote, na cheko la mwalimu nikalitia chumvi kidogo. Nikangoja aone aibu, au acheke, au anitukane kwa kutoangalia uzi kabla ya kukabidhi. Hakufanya hata kimoja.

"Siku zote mimi ni wa kuharibu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa ni saa ngapi.

"Siku zote zipi? Una miaka kumi na minane kazini, hii ni mara ya kwanza."

"Siku zote."

Pasi ilikuwa imesimama sehemu moja. Nilisikia harufu, nikamshika mkono nikauinua. Mkono ulikuja tu, haukukataa wala haukusaidia. Ndipo nilipoogopa.

Mwalimu alirudi wiki ileile, safari hii bila utani. Alikuwa akimfundisha binti wa Kaka. "Dada," akaniambia, "mtoto wa dobi anakuja shuleni na sare ya makunyanzi. Na ameacha kunyoosha mkono darasani." Mchana nikafunga duka nikaenda kwao, vyumba viwili mtaa wa pili. Kumbe zile siku Kaka alizoniambia anakwenda kupumzika kidogo, alikuwa anakwenda kulala akiwa ameelekea ukutani. Sare ilikuwa imeanikwa mgongoni mwa kiti. Mtoto aliifua mwenyewe, akaitia sabuni nyingi mno, imekauka na ukoko mweupe kwenye mishono.

"Shikamoo, Shangazi. Baba amechoka," akaninong'oneza.

"Tangu lini amechoka?"

Akafikiri kwa makini. "Tangu tulipoanza kugawanya kwa tarakimu mbili."

Ilikuwa miezi minane. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameweka hesabu ambayo mimi, mtu mzima ninayekaa na baba yake kutwa nzima, sikuiweka.

Shule zilipofungwa, bibi yake mzaa mama akaja kumchukua. Ni mkunga mstaafu, si mwanamke wa kelele. Alitazama jikoni, akatazama kitanda, akafungasha nguo za mtoto. Akasimama mbele ya Kaka aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwanangu, nitakaa naye likizo hii. Shule zikikaribia kufunguliwa, ukimtaka, njoo umwombe mwenyewe kwa mdomo wako. Usimtume dada yako, huyu atasema maneno mazuri ambayo si yako. Usipokuja, nitamwandikisha kule kwangu, na nikishamwandikisha sitamhamisha tena. Mtoto si mzigo wa kupakia na kushusha."

Kaka alitazama viatu vyake. Mtoto alingoja mlangoni, akabadilisha mkono ulioshika mfuko, akangoja tena. Kisha wakaondoka. Kwa basi ni mwendo wa saa mbili, na likizo ilikuwa ya wiki nne.

Kesho yake nilimbana. "Humtaki mtoto wako?"

"Namtaka."

"Basi si uende ukamwombe?"

"Kule yuko vizuri. Kwangu hajawahi kufurahi. Hajawahi kucheka humu ndani hata siku moja."

Nilitamani kumpiga na hanga ya kutundikia mashati. Nimemsikia yule mtoto akicheka mpaka akapata kwikwi! Nikamwambia hivyo. Akasema, "Alikuwa anacheka na wewe." Nikamtajia siku ya kuzaliwa ya mtoto, akasema keki ilikuwa imeungua. Nikamwambia mtoto humkimbilia akirudi shule, akasema watoto hukimbilia mtu yeyote. Ungemwonyesha jua, angekuuliza litazama saa ngapi. Na hakuwa anabisha kwa ubishi, hicho ndicho kilichonitisha. Alikuwa ananieleza jambo analolijua, kama anavyojua kwamba hariri haichemshwi. Kwa maoni yake, kumwacha mtoto kule ndiyo zawadi pekee aliyobaki nayo.

Nilimpeleka zahanati kwa nguvu. Au niseme nilimpeleka tu, maana nguvu haikuhitajika, ukimshika mkono anakufuata. Tabibu alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba kifuani. Alimuuliza habari za usingizi, habari za chakula, na bila kuzunguka akamuuliza kama anafikiria kujiua.

"Sifikirii kufa," Kaka akasema. "Sifikirii kitu. Ni kama ganzi ya jino, lakini mwili mzima."

"Haya. Niambie siku moja uliyofurahi."

"Zamani nilikuwa nafurahi."

"Sijakuuliza zamani. Siku moja."

"Wakati mke wangu yupo."

"Siku ipi? Kulikuwa na jua au mvua? Ulivaa nini?"

Kaka alifungua mdomo. Mtu huyu, aliyekuwa anakumbuka doa la mchuzi la miaka mitatu nyuma kwenye tai ya mtu baki, alitafuta siku moja ya maisha yake mwenyewe na hakuiona. Niliona jasho limemtoka juu ya mdomo, na mimi mwenyewe nilitaka kumjibia.

"Inaitwa sonona," tabibu akasema. "Ugonjwa huu unamwachia mtu maisha ya jumla, unamnyang'anya rejareja. Anabaki na 'siku zote' na 'hata siku moja', zile siku zenyewe hazioni. Na akishakosa siku zenyewe, kichwa kinamwambia lolote, naye hana cha kukijibu."

Alimwandikia vidonge, akamwambia vinachukua wiki kadhaa kabla havijaonyesha kazi, asivitupe. Kisha akamwambia achague kazi moja ya saa tatu asubuhi, ileile kila siku, aifanye akiwa na hamu au asiwe nayo. "Usiingoje hamu ndipo uanze. Anza, yenyewe itakuja nyuma ikitaka." Na kila mchana aniletee jambo moja lililotokea siku moja, si lazima liwe la furaha. Nami akanigeukia. "Na wewe, acha kubishana naye. Umebishana miezi mingapi?"

"Mingi."

"Umeshinda?"

Sikumpenda yule mama siku hiyo.

Kazi tuliyochagua ilikuwa kukunja mashuka ya nyumba ya wageni, kwa sababu shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama mbalimbali, kila mtu na ncha zake mbili, mnalivuta mpaka linyooke, mnakutanisha ncha, mnatembea mpaka mnagusana vidole, mmoja anapokea, mwingine anainama kuokota mkunjo wa chini. Wiki ya kwanza ilinibidi nimfuate kitandani kila asubuhi, na nilikuwa namwamsha bila upole. Alikunja kama anayesogeza samani za mtu. Mchana nikimuuliza jambo lake, ananiambia, "Tulikuwa tunafua sana wakati ule." Wakati upi? Hajui. Nilijing'ata ulimi nisibishe, na kwangu mimi hiyo ni kazi kuliko kufua makapeti.

Wiki ya pili, siku ya Jumatano, akasema, "Suruali ya mtu wa posta."

"Imefanya nini?"

"Ililetwa na doa la wino, paja la kushoto. Mvua ilikuwa inanyesha. Aliuliza kama tuna mwavuli, nikamwambia chukua ule wa mdogo wangu."

"Kumbe wewe ndiye uliyegawa mwavuli wangu!"

"Ulikuwa na tundu," akasema.

Hakutabasamu. Lakini ilikuwa siku, yenye mvua yake na suruali yake. Niliiandika nyuma ya kalenda. Kwa mara ya kwanza nilifurahi kuibiwa.

Zilikuja nyingine, chache, na kavu vilevile. Kichwa kilikuwa kizito, hakikugeuka kuwa cha zamani. Hata leo anauliza baadhi ya alama, na sasa tunaziandika. Ila alianza kuamka bila mimi, akanikuta nafungua duka. Habari za mtoto hakuzitaja, nami sikuthubutu. Wiki ya tatu ikaisha. Zikabaki siku sita shule zifunguliwe, na yule bibi si mtu wa kutishia bure.

Ijumaa tulikuwa na shuka lenye ukingo wa buluu. Nilivuta upande wangu kwa hasira, maana usiku ule sikulala vizuri, na Kaka akaponyokwa na ncha moja. Akabaki ameshika ile nyingine, akitazama sakafuni.

"Alikuwa mfupi," akasema.

Nikakumbuka maswali ya tabibu. "Nani?"

"Mtoto. Shule ilifungwa siku ile, walimu walikuwa na mkutano. Wewe ulikwenda kuchukua sabuni. Akasema atanishikia shuka. Alivaa gauni la njano lililolegea mkono mmoja. Alikuwa mfupi, shuka likawa linaburuta, nikamwambia inua mikono. Nikavuta. Nilivuta kwa nguvu mno, sakafu ilikuwa na maji, akaja na shuka lake mpaka huku, akateleza, akaingia kwenye kapu la nguo mbichi miguu juu." Akapumua. "Akacheka."

"Siku gani hiyo?"

"Alhamisi."

Alikaa juu ya kapu na ncha ya shuka mkononi. Sikusema, "Si nilikwambia." Naomba hilo lihesabiwe siku ya mwisho.

"Kama alicheka ile Alhamisi," akasema polepole, "basi si kweli kwamba hajawahi."

Jumapili tulipanda basi la asubuhi. Alikuwa amenyoa, na shati lake alilinyoosha mwenyewe, mara moja tu. Nilikwenda naye kwa sharti kwamba nikifungua mdomo kabla yake atashuka njiani.

Mkwe wake alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Alituitikia shikamoo zetu, akatuonyesha viti, akaendelea kuchambua. Mtoto alitoka ndani, akamwamkia baba yake, akasimama kando ya bibi. Alikuwa ameongezeka urefu. Hakumkimbilia, na niliona Kaka ameliona hilo.

Nilidhani atasahau alichojia. Mikono aliiweka juu ya magoti.

"Nilidhani kwangu hukuwahi kucheka," akamwambia mtoto. "Ndiyo maana sikuja. Halafu nikakumbuka ile Alhamisi ya shuka, uliyoanguka kwenye kapu. Ulicheka."

Mtoto akamtazama. "Sikucheka, Baba."

Nilimlaani tabibu, kalenda na mashuka yote ya nyumba ya wageni.

"Nililia," mtoto akasema. "Goti liliuma. Aliyecheka ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Ulianza kucheka, ukakaa chini kwenye maji na suruali yako, ukataka kusimama ukashindwa. Ukawa unasema 'ngoja, ngoja'. Mimi nikaacha kulia nikawa nakuangalia tu." Akajikuna mkono. "Ndiyo maana naikumbuka."

Mkwe wake aliacha kuchambua. Niliona Kaka anaitafuta siku ile upya, anaingia tena mle nyuma ya pazia na kuangalia upande ambao hakuwahi kuangalia, sakafuni, penye maji. Sijui kama alijiona. Uso wake haukuonyesha kitu, ulikuwa na ganzi ileile. Akamgeukia mkwe wake.

"Mama, nimekuja kumwomba mtoto."

"Umepona?"

"Sijapona. Ila siku hizi saa tatu niko kazini."

"Shule inaanza saa moja," mkwe akasema.

Kaka alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa ainue kitu kizito na anapima kwanza kama mgongo utaweza.

"Basi nitaamka saa kumi na moja," akasema.

Hakulia. Niliyelia ni mimi, tena kwa sauti, mpaka mkwe akaniambia niende nikanawe uso.